Mchuzi wa Waliolala

Kwa miaka tisa Gaopalelwe Seekoei alishika cheo ambacho mama yake hakuweza kukieleza kanisani. Mchana alikuwa msaidizi wa mfamasia katika duka la dawa mjini Kimberley, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, akiwakumbusha watu wameze vidonge baada ya kula. Jioni, nyumbani kwao Galeshewe, aliamua ni dawa zipi zisizokuwepo duniani ziruhusiwe kupita kwenye sindano isiyokuwepo duniani. Dukani watu walibishana naye kila siku. Huko kwingine, Gao akisema hapana, ilikuwa hapana.

Huko kwingine kulikuwa mchezo wa kompyuta, usio na urembo wowote. Ilikuwa meli ya angani iliyochorwa kwa vijipicha, unaitazama kwa juu kama mtu aliyepanda darini, na ndani yake watu arobaini, kila mmoja mtu wa kweli aliyekaa mbele ya kompyuta yake huko Upington, Mthatha, Gaborone au Windhoek. Mmoja alikuwa mpishi, mwingine fundi, mwingine askari, mwingine daktari. Kati yao wawili watatu walikuwa wamepewa kwa siri kazi ya kuua na kuharibu, na safari moja ilichukua saa tatu. Meli za ng'ambo zilikuwepo, kubwa na nzuri zaidi, lakini kwa sisi wa huku kusini, kwa umbali wa mtandao, ulikuwa unapiga ngumi leo inafika kesho. Ndiyo maana Ruan Terblanche, fundi wa viyoyozi wa Bloemfontein, aliweka ya kwake kwenye kompyuta kuukuu juu ya kabati la nguo. Mkewe alikubali kwa sharti kwamba isipige kelele wakati wa kulala.

Sasa hiyo sindano. Madaktari wa meli walikuwa na sindano za kawaida, zile zinazotaka wewe na mgonjwa mtulie tuli, udunge tone moja moja, na mmoja akitikisika unaanza upya. Halafu walikuwa na kile walichokiita bastola ya dawa. Bastola ilipenya nguo yoyote, hata ya angani, na kumwaga kila kilichomo kwa mara moja. Ukiipakia dawa, umemwokoa mtu kabla hajaanguka. Ukiipakia sumu, umemmaliza kabla hajageuka kuona ni nani. Mwanzoni ilikubali chochote, na wauaji waliipenda kuliko madaktari. Ruan alipochoka kusikiliza vilio akaiwekea orodha: kilichomo kinapita, kisichomo bastola inakitema. Akamkabidhi Gao orodha hiyo, eti kwa sababu yeye ndiye anayejua dawa.

"Ruan, mimi nauza dawa ya kikohozi," Gao alimwandikia.

"Umenizidi. Mimi nasafisha vichujio."

Na kwa kweli aliifanya kazi hiyo vizuri, kuliko wengi wenye vyeti ninaowajua. Wengine wangeuliza dawa hii inatibu nini. Gao aliuliza nani atakuja kuitaka, na atakuja na sura gani. Hilo alijifunza kwenye kaunta, ambako mtu anayetaka chupa tatu za dawa ya kikohozi kwa kawaida hakohoi. Kwa hiyo dawa ya kuzuia damu ilipita, ya kuungua ilipita, ya pumzi ilipita. Ya usingizi aliifuta wiki ya kwanza. Kahawa, ambayo alidhani haina madhara, aliiruhusu kwa siku nne, mpaka madaktari wakawa wanajipiga wenyewe na kukimbia meli nzima kama kuku waliomwagiwa maji ya moto, hakuna muuaji wala askari wa kuwashika. Akaifuta nayo. Kila alipofuta kitu watu walilalama siku tatu, ya nne wakazoea.

Ndipo ukaja mgao wa umeme. Nazungumzia ule wa mwaka 2015, na ule mrefu zaidi uliofuata baada ya miaka michache, ambapo kila mji ulikuwa na saa zake za kukatiwa na watu walizijua kwa moyo kama siku za kuzaliwa za watoto wao. Umeme ukikatika, mchezaji anatoweka, lakini mwili wake unabaki melini, umelala pale pale ulipokuwa. Mwili huo uliendelea kusikia njaa. Baada ya dakika arobaini unakufa, na mgao ulichukua muda wa saa mbili na nusu. Mtu aliyelala hawezi kutafuna, hata umwekee sahani ya nyama puani. Jumapili moja Gao alirudi akakuta wenzake wanane wa Kimberley wamekufa ukumbini, na yeye wa tisa.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa sukari. Dukani mtu akizimia kwa njaa anapewa sukari, hilo halihitaji shule. Akaiingiza sukari kwenye orodha, akawaambia madaktari wa miji yenye umeme wawapige waliolala kila nusu saa. Asichojua ni kwamba miaka mingi nyuma fundi mmoja wa ng'ambo alikuwa ameandika ndani ya mchezo kwamba sukari ikizidi matone thelathini mtu anazimia, na ikiendelea anakufa. Aliyezimia na aliyelala hawana tofauti ukiwatazama kwa juu. Madaktari wakaendelea kuwapiga sukari kwa upendo mkubwa, na watu kumi na mmoja wakafa vitandani. Siku hiyo iliitwa Jumapili ya Sukari, na hata miaka baadaye ukitaka kumnyamazisha Gao katika mabishano ulimuuliza tu kama anataka sukari kwenye chai.

Wiki iliyofuata akajaribu mchuzi. Mchuzi ulipikwa na mpishi wa meli kwenye sufuria la kawaida, haukuwa dawa hata kidogo, na Ruan alicheka aliposikia utapita kwenye bastola. Lakini mchuzi ulishibisha polepole na haukuua mtu. Gao aliuingiza, wa mwisho kwenye orodha, chini ya dawa za heshima.

Na hapo ndipo meli ile ikawa kile ilichokuwa. Kabla ya saa yako ulitangaza redioni: "Kimberley, saa kumi." Ulikwenda mwenyewe chumba cha wagonjwa, ukavua viatu ukavipanga chini ya kitanda, ili ijulikane wewe umelala kwa hiari na hukupigwa rungu, kisha ukasubiri giza. Watu wa Upington walipita na bastola kitanda hadi kitanda, pff, pff, pff. Saa kumi na mbili na nusu Kimberley iliamka, Upington ikavua viatu, na zamu ikageuka. Wauaji wenyewe waliheshimu chumba kile. Kuna mmoja wa Mthatha aliyelipua nusu ya meli halafu akaja kupiga watu mchuzi, kwa sababu daktari alikuwa amekufa kwenye mlipuko.

Aliyemlisha Gao mara nyingi alikuwa Attie Beukes, fundi wa matrekta kwenye mashamba ya zabibu ya Upington, mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye wote walimwita Mjomba. Mjomba Attie aliandika polepole na hakujua kuua hata inzi. Kila aliyeamka alikuta kikaratasi chake kitandani: jikoni kumeungua, nahodha amekufa, wewe umekunywa mchuzi mara nne.

Nyumbani, giza likiingia, baba yake Gao aliwasha jiko la gesi na kubandika chai. Mzee Seekoei alikuwa mstaafu wa reli. Mchezo hakuuelewa na hakutaka kuelezwa, lakini jambo moja alilielewa siku ya kwanza aliyosimuliwa, na kuanzia hapo kila mgao aliuliza.

"Nani anakulisha sasa?"

"Mjomba Attie, wa Upington."

"Bado yeye?" Mzee alikuwa akikoroga chai yake muda mrefu. "Mwambie asante. Sema imetoka kwa baba wa mtoto."

Gao alipeleka salamu hizo, kwanza kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Na Attie alirudisha za kwake. Watu wawili hao hawakuwahi kuonana. Mzee alifariki mwaka 2021, wakati wa ule ugonjwa, ambapo waombolezaji walihesabiwa getini na wa hamsini na moja hakuingia. Attie aliendesha gari kwa saa tano, akasimama nje ya uzio na barakoa usoni, kofia mkononi. Kijana wa getini alimuuliza yeye ni nani kwa marehemu. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimlisha mtoto wake. Mama yake Gao alisikia, akaenda mwenyewe hadi kwenye uzio, wakasimama pale wawili bila kupeana mikono, kwa kuwa ilikatazwa. Mama hakuuliza tena ule mchezo ni wa nini.

Mwaka 2024 umeme ulirudi ukakaa. Watu walishukuru Mungu, na Gao alishukuru pamoja nao, dawa za friji dukani zikawa salama. Lakini viatu chini ya vitanda viliisha. Attie alipata wajukuu, akawa haonekani. Wakaja wachezaji wapya, wepesi wa vidole, wenye intaneti isiyotetereka, ambao kwao chumba cha wagonjwa kilikuwa mahali pa wagonjwa tu. Gao alizidi miaka thelathini na tano. Alikuwa akiingia melini, anasimama karibu na vitanda vitupu, anatoka. Hakumwambia mtu kwamba aliukumbuka mgao kwa hamu. Ni nani angesema maneno hayo mbele ya watu walioozewa na nyama frijini kwa miaka yote ile?

Halafu pendekezo likaja, limeandikwa na Nkateko Maluleke, mwanafunzi wa hesabu kutoka Giyani. Lilikuwa la mstari mmoja: mchuzi utoke kwenye orodha.

Sababu yake ilikuwa ya kuchekesha na ilikuwa kweli. Katika mchezo ule mtu akishiba kupita kiasi anavimba, na aliyevimba hawezi kukimbia. Wauaji walikuwa wamegundua kwamba bastola ikijazwa mchuzi inaweza kumvimbisha askari kwa mapigo matatu, akabaki anajikokota ukutani huku wao wanaondoka wakipiga mluzi. Nkateko alicheza uaskari, akawa amevimbishwa mara kumi na saba.

"Dada Gao, usinichukie," aliandika. "Nimepitia kumbukumbu za meli za miezi minane. Askari waliovimbishwa, sitini na mmoja. Waliolishwa wakiwa wamelala, hakuna."

Gao alisoma neno hilo la mwisho akafunga kompyuta. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kukaa, maana binti alikuwa na haki. Kesho yake alijibu kwamba hesabu hazijahakikiwa. Nkateko akaleta hesabu upya. Gao akasema wasubiri mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi akatoa ufumbuzi wake mwenyewe: mchuzi umwingie aliyelala tu. Ruan akauandika, na siku mbili baadaye wauaji wakawa wanampiga askari rungu alale kwanza, ndipo wanamvimbisha kwa raha zao. Wachezaji wa zamani waliobaki waliandika kurasa nzima za kuutetea mchuzi, wakitaja majina ya watu walioondoka zamani. Nkateko alizisoma zote na kuuliza maswali, na hakumkejeli yeyote. Hilo lilimuudhi Gao zaidi, kwani alikuwa amejiandaa kwa kejeli.

Mwishowe Ruan alimpigia simu. Walizungumza habari za watoto wake, za mvua, kisha Ruan akafika kwenye jambo lenyewe.

"Gao, umeme umerudi."

"Najua umerudi."

"Orodha ni yako. Ukisema ubaki, utabaki. Ila sema kwa sababu ya meli."

Jumapili hiyo, saa nane mchana, Gao alimwomba Nkateko waingie kwenye meli tupu, wawili tu. Gao alivaa uaskari. Akamwambia binti amwonyeshe. Nkateko alimpiga mchuzi mara tatu, pff, pff, pff, na Gao akabonyeza kukimbia, mwili wake ukasogea hatua moja kwa muda wa kuimba ubeti mzima. Nkateko alimzunguka mara mbili taratibu, akafungua mlango, akaufunga, akarudi, akamkuta bado anageuka. Gao alicheka mpaka mama yake akaja kuchungulia. Na alipomaliza kucheka alijua amekwisha. Kwa miaka tisa alikuwa amewafutia wengine vitu wanavyovipenda kwa swali moja tu, nani atakuja kukitaka na kwa sura gani. Kwa mchuzi alikuwa hajawahi kuliuliza. Anayeutaka sasa alikuwa muuaji, na mwingine pekee alikuwa yeye mwenyewe, ambaye hakutaka ulishe mtu yeyote. Alitaka tu uwepo.

Aliufuta siku ile ile kwa mkono wake. Mahali pa kueleza sababu aliandika: hautumiki. Halafu alikwenda kukaa nje kwenye ngazi, akalia kwa ajili ya baba yake kuliko alivyolia wakati wa mazishi.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, Gao alikuwa melini kama daktari, akipeleka bandeji kwenye injini, kompyuta ikazimika. Majirani walipaza sauti mtaani. Transfoma ya mtaa ilikuwa imelipuka, si mgao wa mtu yeyote, ni uchakavu tu. Simu ilikuwa na chaji. Angeweza kumwandikia mtu. Hakuandika, kwa sababu angeandika nini, nilisheni kwa kitu nilichokifuta? Mama alibandika chai. Gao alitazama saa mpaka dakika arobaini zilipopita, kisha akaacha kutazama, akamsaidia mama kumenya boga. Alikuwa ameshakufa, na alilichukulia hivyo, kama mtu aliyekosa basi.

Mafundi walikuja na ngazi, na saa kumi kasorobo umeme ukarudi. Safari ilikuwa imebakisha dakika kumi na mbili. Aliingia ili aone tu nani ameshinda, akakuta macho yake yamefunguka sakafuni, kwenye ujia wa injini, pale pale alipoanguka. Alikuwa hai, wala hana njaa sana. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa umeungua. Redio ilijaa matusi, wote wakimtafuta askari wao aliyeacha lindo huku meli ikiteketea. Askari huyo alikuwa amepiga goti kando yake, bakuli la mchuzi chini, sindano ya kawaida mkononi, ile isiyo na orodha.

"Umerudi?" Nkateko aliandika.

"Nimerudi. Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipolala. Tone moja moja, Dada Gao. Mtu akikugusa naanza upya, na watu wamekuruka hapa wakikimbia moto kama mara ishirini. Kidole kimekufa ganzi. Sijapika, sijala, nilikuwa na insha ya kuandika." Kisha akaongeza: "Hivi kweli nyinyi mlikuwa mnafanya hivi kwa watu kumi na wawili?"

"Sisi tulikuwa na bastola."

Meli ilitikisika, mahali fulani kitu kililipuka, mtu akamtukana Nkateko tena redioni.

"Niurudishe?" akaandika. "Ni mstari mmoja. Nitasema nilikosea."

Gao aliutaka. Aliutaka kama alivyoutaka siku zote, na safari hii angekuwa na sababu ya kuandika mahali pa sababu. Vidole vilikuwa juu ya vitufe. Nyuma yake mama alikuwa amesimama mlangoni na boga mkononi, akijaribu kusoma kwenye kioo.

"Usiurudishe," aliandika. "Hukukosea."

"Na umeme ukikatika tena?"

Gao aliutazama ule mwili wake mdogo sakafuni, na mwingine mdogo uliopiga goti kando yake, kazi yake imeachwa, meli imeungua kwa ajili yake, akaona machozi yanamshuka mbele ya mama yake na hakuyafuta.

"Jumamosi huwa nipo," Nkateko aliandika.